Uzi: Filamu imepanda bei, tusafishe wenyewe nyumbani (nyeusi na nyeupe)

#1 – Mwanzisha uzi

Wakuu, habari zenu.

Jambo hili nimekaa nalo muda mrefu, leo nalimwaga lote. Filamu imepanda bei kiasi kwamba mtu ana mkanda wa picha 36 kwenye kamera tangu miezi minne iliyopita na bado yuko picha ya kumi na moja. Kila akitaka kubonyeza anapiga hesabu kwanza. Kupiga picha kwa namna hiyo kunaua mkono. Jicho linataka mazoezi, na mazoezi yanataka mikanda.

Sababu za bei si siri. Ndani ya filamu kuna fedha, madini yenyewe, katika umbo la chumvi zinazoitwa halidi za fedha, zimechanganywa na jelatini na kupakwa juu ya plastiki. Mashine za kupaka tabaka hizo ni kubwa mno, zilijengwa enzi ambazo dunia nzima ilitumia filamu. Kisha soko likaporomoka. Eastman Kodak waliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wao Januari 2012. Fujifilm walisimamisha Acros, filamu yao ya nyeusi na nyeupe, mwaka 2018. Ikarudi mwaka uliofuata kwa jina la Acros II, na boksi lake linasema imetengenezwa Uingereza. Wanaotengeneza nyeusi na nyeupe kwa wingi leo unawahesabu kwa vidole: Kodak, Harman wenye Ilford na Kentmere, Foma wa Jamhuri ya Cheki, na wengine wachache. Bei yao mimi na wewe hatuna pa kuishikia.

Pa kushika pako kwenye kusafisha.

Zamani nilikuwa napeleka studio. Siku moja nikakabidhiwa picha zikiwa kwenye diski, nikauliza negativu, yaani filamu zenyewe zilizosafishwa, ziko wapi, nikajibiwa zimetupwa kwa sababu watu siku hizi hawazichukui. Mikanda mitatu. Kwenye mmoja kulikuwa na picha za shangazi yangu amekaa mlangoni akijaribu kupitisha uzi kwenye tundu la sindano. Nilichobaki nacho ni nakala ndogo za kompyuta, pembeni zimekatwa, vivuli vimezama vyote. Ningekuwa na negativu ningerudi leo nikavifukua vile vivuli. Tangu siku hiyo hakuna mkanda wangu uliopita mkono wa mtu mwingine.

Kwanza niondoe hofu moja. Huhitaji chumba cha giza. Giza totoro linatakiwa kwa dakika chache tu, wakati unatoa filamu kwenye kopo lake na kuizungusha kwenye rili (kigurudumu chenye mifereji ya kushikia filamu) na kuitia ndani ya tangi lisilopitisha mwanga, na kazi hiyo inafanyika ndani ya mfuko wa giza wenye mikono miwili. Ukishafunika tangi, kila kinachofuata kinafanyika mchana kweupe, jikoni au bafuni. Ile taa nyekundu tunayoiona kwenye sinema ni ya karatasi za kuchapia. Filamu nyingi za siku hizi zinaona rangi zote, nyekundu ikiwemo, kwa hiyo taa hiyo itaziunguza.

Vifaa: tangi na rili yake, mfuko wa giza, kipimajoto, bomba la sindano la kupimia dawa kidogo kidogo, chombo cha kupimia maji, mkasi, kifungulio cha chupa cha kufungulia kopo la filamu, chupa mbili zinazofunga vizuri, vibanio vya nguo. Saa unayo kwenye simu. Vitu hivi unanunua mara moja. Tangi langu limeshasafisha mikanda mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka na halijapata ufa. Chombo kikishagusa dawa kisirudi kwenye chakula, hata ukikiosha namna gani.

Dawa ni mbili za lazima. Ya kwanza ni developa, inayogeuza halidi zilizoguswa na mwanga kuwa fedha nyeusi. Ya pili ni fiksa, inayoyeyusha halidi ambazo hazikuguswa ili filamu isiharibiwe na mwanga tena. Katikati unaweza kuweka dawa ya kusimamisha, ambayo ni asidi nyepesi tu, au ukasuuza kwa maji.

Sasa hesabu, maana ndiyo iliyotuleta hapa. Mimi natumia Rodinal, developa iliyopewa hataza mwaka 1891 na bado inauzwa, wakati mwingine kwa jina la R09. Ni dawa nzito unayoizimua kwa maji, unaitumia mara moja na kuimwaga. Nikiweka 10 ml kwa kila mkanda, chupa ya 500 ml inanipa mikanda 50. Chupa iliyofunguliwa inakaa miaka. Itageuka rangi iwe kama chai ya rangi iliyokolea na bado itafanya kazi. Kwa mtu anayesafisha mkanda mmoja kwa mwezi, sifa hiyo ni kubwa kuliko zote. Fiksa ya haraka ya Ilford ikizimuliwa 1+4, yaani sehemu moja ya dawa kwa nne za maji, lita moja ya mchanganyiko huo inahudumia mikanda 24, kwa kuwa unairudisha kwenye chupa kila ukimaliza. Chukua bei za unakonunua, gawanya, kisha linganisha na unacholipa studio. Sitakutajia jibu, lifanye mwenyewe kwenye karatasi.

Nitaendelea na hatua zenyewe.

#2 – Mwanzisha uzi

Tuendelee.

Kupakia filamu kwenye rili ndiko kunakokatisha watu tamaa, na wengi wanaanzia pabaya, yaani gizani na mkanda wenye picha zao. Toa mkanda mmoja sadaka, hata uliokwisha muda. Uzungushe kwenye rili ukiwa unautazama, mara kumi. Kisha fumba macho, mara kumi nyingine. Kisha ndani ya mfuko. Ncha ya filamu ikate iwe imenyooka, na pembe zake mbili uzipunguze kidogo ziwe za mviringo ili zisikwame. Rili ya plastiki iwe kavu kabisa. Tone moja la maji likiwa kwenye mifereji yake, filamu inanasa na haisogei mbele wala nyuma. Mikono nayo hutoa jasho ndani ya mfuko. Ukihisi filamu inaanza kugoma, usiilazimishe. Tia kila kitu ndani ya tangi, funika, toa mikono, pumzika dakika kumi ukiwa umeifuta, rudi tena.

Sasa dawa. Nitachukua mfano wa HP5 Plus, filamu ya Ilford, iliyopigwa kamera ikiwa kwenye ISO 400, ndani ya Rodinal 1+50. Muda wake ni dakika 11 kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Mimina, gonga tangi chini mara mbili kutoa mapovu, pindua mara nne ndani ya sekunde kumi za mwanzo, kisha pindua mara nne kila dakika inapoanza. Pindua taratibu, kila safari kwa namna ileile. Watu wanabishana kuhusu idadi ya kupindua, lakini mimi naona idadi haina uzito kama kuifuata ileile kila mara. Ukibadilisha mkono kila mkanda hutajua kamwe kosa limetoka wapi.

Joto ndilo mwenye nyumba. Developa ikiwa na joto zaidi inafanya kazi haraka, na kwa makadirio unapunguza sehemu moja ya kumi ya muda kwa kila nyuzi moja inayopanda. Kwa hiyo zile dakika 11 za nyuzi 20, kwenye nyuzi 24 zinakuwa kama 7 na robo. Ukiona muda unashuka chini ya dakika 5, zimua dawa zaidi au poza maji kwanza, kwa sababu kwa muda mfupi hivyo dawa haisambai sawasawa na utaona mawingu kwenye anga ambayo hayakuwepo. Mimi nafunga barafu ndani ya mfuko wa plastiki na kuutumbukiza kwenye chombo cha maji mpaka kipimajoto kitulie. Usitie barafu moja kwa moja kwenye dawa uliyokwisha kuipima, itakuharibia vipimo.

Dakika ya mwisho ikifika, mwaga, suuza au tia ya kusimamisha kwa sekunde thelathini, mwaga, kisha fiksa. Hapo nawaomba sana: msibanie fiksa. Kila kingine kwenye kazi hii kinasameheka kwa kiasi fulani, ila filamu isiyokolea fiksa inakuja kuharibika baadaye ukiwa umeshaiweka ukidhani iko salama. Kipande cha ncha ulichokata wakati wa kupakia usikitupe. Kitumbukize kwenye fiksa kwenye mwanga wa kawaida na uhesabu sekunde mpaka kiwe angavu kabisa. Muda huo zidisha kwa mbili, huo ndio muda wa kufiksi. Andika kwenye chupa muda uliopata siku fiksa ilipokuwa mpya. Siku utakapoona kipande kinachukua mara mbili ya muda ule, fiksa imechoka, tengeneza nyingine.

Kuosha hakuhitaji bomba kufunguliwa nusu saa. Ilford wana njia ya kujaza na kumwaga: jaza maji, pindua mara tano, mwaga, jaza, pindua mara kumi, mwaga, jaza, pindua mara ishirini, mwaga. Tangi tatu za maji, basi. Maji yawe na joto linalokaribiana na la dawa. Maliza kwa maji yenye tone moja la dawa ya kutelezesha maji (wetting agent), au tone dogo mno la sabuni ya vyombo, ili maji yateleze yasiache madoa.

Kausha bafuni baada ya mtu kuoga maji moto. Mvuke huvuta vumbi chini. Banio moja juu, jingine chini ili filamu isijikunje, funga mlango, na kila mtu nyumbani aambiwe.

#3 – Mchangiaji

Mkuu, nimesoma mstari kwa mstari. Swali: mbona hukutaja developa ya D-76? Mimi nilifundishwa kwamba hiyo ndiyo shule yenyewe, na Rodinal inatoa chembe kubwa kama mchanga.

#4 – Mwanzisha uzi

Uko sahihi kuhusu chembe, mkuu, na sitabisha. Rodinal haina sulfaiti nyingi ya kulainisha kingo za punje za fedha, kwa hiyo chembe zinaonekana wazi. Kwa HP5 kwenye mkanda mdogo zinaonekana sana. Mimi nazipenda, lakini hiyo ni ladha.

D-76 ni ya miaka ya 1920 na fomyula yake iko wazi kwa yeyote: kwa lita moja, metoli gramu 2, sulfaiti ya sodiamu gramu 100, haidrokwinoni gramu 5, boraksi gramu 2. ID-11 ya Ilford ni ndugu yake wa tumbo moja. HP5 kwenye ID-11 iliyozimuliwa 1+1 inachukua dakika 13 kwa nyuzi 20, na picha ni laini, zina rangi za kijivu nyingi za katikati. Sikuianza nayo kwa sababu moja tu. Ni ya unga, ukishaikoroga lita nzima inaanza kuzeeka, na ndani ya miezi michache hujui tena ina nguvu kiasi gani. Ukiwa unasafisha mikanda mitano kwa wiki, chukua D-76 bila kufikiria. Ukiwa unasafisha mmoja mmoja, utamwaga nusu ya ulichonunua.

Ukikoroga mwenyewe kutoka kemikali, vaa glavu. Metoli inawakera baadhi ya watu ngozi, na ikishaanza kukukera haiachi.

#5 – Mchangiaji

Kwa wanaotaka kubana zaidi: Rodinal 1+100, unapindua sekunde thelathini za mwanzo, unaweka chini saa nzima bila kugusa. Hakuna kuangalia joto sana, hakuna kuangalia aina ya filamu. Nimetia mikanda ya aina mbili tangi moja na zote zikatoka.

#6 – Mwanzisha uzi

Mkuu, nimeijaribu na nimeiacha, ngoja nieleze kwa nini, maana wageni wataisoma na kuona ni njia ya mkato.

Filamu ikikaa kwenye developa bila kuguswa, bromidi inayotoka kwenye sehemu zilizopata mwanga mwingi inashuka taratibu kwa uzito wake na kuzuia dawa chini yake. Unapata michirizi, hasa kwenye anga na kuta nyeupe, na mara nyingi inafuata yale matundu ya pembeni ya filamu. Kwenye picha ya mti wenye majani mengi huioni. Kwenye uso wa mtu mbele ya ukuta, inaonekana. Ninayoikubali ni ya katikati: saa moja, na kupindua mara mbili au tatu ikifika dakika ya 30. Kwa mkanda wa zamani uliookotwa kwenye kamera ya marehemu, ambao hakuna anayejua ulipigwa vipi, njia yako ndiyo ningeichagua.

Na kama lengo ni kubana, pa kubana ni kwenye filamu yenyewe. Nunua roli ndefu ya mita 30.5 na mashine ya kujazia makopo. Roli hiyo inatoa kama mikanda 18 ya picha 36. Pia unaweza kujaza ya picha 12 ukitaka kujaribu kitu na kukisafisha jioni hiyohiyo. Ila picha mbili za mwisho za kila kopo hula mwanga pale unapogundisha ncha, kwa hiyo usiache jambo la maana lifike huko.

#7 – Mchangiaji

Wakuu, mimi sina pa kupata developa ya dukani. Nimesikia kahawa inasafisha filamu. Ni kweli au ni hadithi?

#8 – Mchangiaji wa #5

Kweli kabisa. Inaitwa Caffenol, ilianzia Chuo cha Rochester Institute of Technology, Marekani, mwaka 1995. Ninayotumia mimi, kwa lita moja: soda ya kufulia isiyo na maji gramu 54, vitamini C ya unga gramu 16, kahawa ya papo hapo gramu 40, kwa mpangilio huo. Dakika 15 kwa nyuzi 20. Kwenye kahawa kinachofanya kazi ni asidi zilizomo, kafeini haihusiki. Tumia kahawa ya bei ya chini. Harufu ni mbaya. Ichanganye uitumie siku hiyohiyo, haikai.

#9 – Mwanzisha uzi

Naunga mkono. Angalia tu usichukue soda ya kuokea (baking soda) badala ya soda ya kufulia; hiyo ni baikaboneti, haina ukali wa kutosha. Na kumbuka fiksa bado lazima uitafute, kahawa haifiksi.

#10 – Mchangiaji wa #7

Wakuu nimerudi na majonzi. Nimefuata kila kitu, nimetoa filamu, ni angavu mwanzo mwisho kama plastiki ya kufunikia daftari. Hakuna picha hata moja. Nimekaa chini tu.

#11 – Mwanzisha uzi

Pole sana, mkuu. Maumivu hayo nayajua. Mkanda wangu wa nne niliutilia fiksa kwanza badala ya developa, chupa zilikuwa zinafanana, na nilichosafisha siku ile hakirudi tena.

Usiutupe. Uinue kwenye mwanga utazame pembeni, karibu na matundu. Kiwandani huwa wanachapa namba za picha na jina la filamu pale kwa mwanga. Unaziona?

#12 – Mchangiaji wa #7

Naziona! Namba zipo, nyeusi kabisa, na jina linasomeka.

#13 – Mwanzisha uzi

Basi mikono yako haina kosa. Kama developa ingekuwa imekufa, au ungeanza na fiksa, hata zile namba zisingekuwepo. Namba zikiwepo na picha zisiwepo, maana yake mwanga haukuifikia filamu ndani ya kamera. Mara nyingi ncha haikushika kwenye spuli inayoipokea filamu, ukawa unavuta wenzo wa kuisogeza na filamu imekaa palepale. Safari ijayo, ukishafunga mgongo wa kamera, kaza kidogo kitufe cha kurudishia filamu mpaka ukisikie kinakaza, kisha vuta wenzo ukikitazama. Kikizunguka, filamu inatembea.

Kwa wengine wote, chupa mbili zifanane vyovyote ila vizibo viwe vya rangi tofauti.

#14 – Mchangiaji

Na fiksa iliyochoka tunamwaga wapi? Mimi nimekuwa naitupa kwenye sinki na roho inanisuta.

#15 – Mwanzisha uzi

Inakusuta kwa haki. Fiksa iliyotumika imebeba fedha yote iliyoyeyuka kutoka kwenye filamu, na fedha ikiwa kwenye maji inaua viumbe wadogo. Ipeleke panapopokelewa taka za kemikali. Unaweza pia kuitumbukizia sufi ya chuma ndani ya ndoo ya plastiki na kuiacha siku kadhaa: chuma kinayeyuka, fedha inajitenga na kutua chini kama matope meusi. Matope hayo nayo yahifadhi kwa ajili ya hukohuko kwenye taka za kemikali, usiyarudishe kwenye bomba.

#16 – Mchangiaji wa #7

Mkanda wa pili umetoka. Nimekiangalia kile kitufe kama ulivyosema, kikazunguka. Sasa hivi filamu inaning'inia bafuni na nimeshaingia kuitazama mara sita. Picha 37! Nitajuaje kama nimeisafisha sana au kidogo?

#17 – Mwanzisha uzi

Hongera sana mkuu, nimefurahi kuliko unavyodhani. Subiri ikauke kwanza, na usiingie tena, unachokoza vumbi.

Ikikauka, tafuta ukurasa wenye maandishi ya kawaida, laza negativu juu yake kwenye mwanga mzuri. Tazama sehemu nyeusi kuliko zote, kama vile anga au shati jeupe. Maandishi yaliyo chini yake yanatakiwa yasomeke kwa shida. Yakisomeka bila tabu, umesafisha kidogo. Yakizama kabisa, umezidisha. Kisha tazama sehemu angavu, vivulini. Kama hakuna kitu, hilo si la dawa, uliipa filamu mwanga mdogo ulipopiga, na hakuna muda wa kusafisha utakaolirudisha.

#18 – Mchangiaji wa #7

Imekauka. Vivulini naona mpaka mishono ya pazia. Kwenye shati maandishi yamezama, sioni hata herufi moja. Nilikuwa kwenye nyuzi 22 na nikakaa dakika zilezile 15.

#19 – Mwanzisha uzi

Basi jibu umelipata mwenyewe. Nyuzi mbili juu, punguza sehemu mbili za kumi: jaribu dakika 12. Andika kwenye daftari tarehe, filamu, joto na muda, kisha pakia mwingine.